Bibi kambatiza mjukuu jikoni, parokia inadai cheti cha ndoa

Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu.

Mimi ni mama wa miaka 29, naishi Dar es Salaam na mwenzangu, tuna mtoto mmoja wa kiume wa miezi 11. Niseme ukweli mapema usije ukanishtukia katikati ya barua: hatujafunga ndoa. Huu ni mwaka wa nne tunaishi pamoja. Posa ilipelekwa, mahari imelipwa nusu, na ile nusu nyingine kila mwaka inasogezwa mbele. Mimi kwetu ni Machame, Mlutheri niliyebatizwa nikiwa mchanga na kupata kipaimara KKKT. Yeye ni Mkatoliki wa Rombo, na kwao hata jogoo anasubiri kengele ya kanisa ndipo awike.

Desemba tulipanda nyumbani kama ilivyo kawaida ya Wachagga. Siku mbili baada ya Krismasi mtoto alishikwa na homa, na ilipofika saa nane usiku degedege likaanza. Macho yalipinda, mwili ukakakamaa. Baba yake akakimbia kwa jirani kutafuta gari. Mama mkwe akamchukua mtoto mikononi mwangu, akaingia naye jikoni. Nilidhani anakwenda kumpoza homa kwa maji. Nilipofika mlangoni nikamkuta ameinama juu ya beseni, kikombe cha bati mkononi, maji yanachuruzika utosini mwa mwanangu, naye anasema maneno ambayo sikuyashika yote. Nilisikia "Kizito", nikasikia "Roho Mtakatifu". Gari likapatikana, tukafika hospitali, wakakuta malaria tuliyotoka nayo Dar, akatibiwa, akapona, ashukuriwe Mungu. Jambo lile halikuzungumzwa tena. Ni asubuhi ya kuondoka tu ndipo mama aliponinong'oneza: "Mjukuu wangu ni Mkristo, usiwe na wasiwasi." Sikujibu.

Mwezi wa nne nilikwenda ofisi ya parokia ya hapa tunapoishi kumwandikisha ubatizo. Mzee niliyemkuta mezani alitaka vitu vitatu: cheti cha ndoa, barua ya jumuiya (kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja) na kadi ya zaka ya baba. Sina hata kimoja. Jumuiya hatujawahi kukanyaga. Akaniambia, watu wamejaa kwenye benchi wanasikia, kwamba watoto wa uchumba sugu hapo hawabatizwi, tukamalize kwanza mambo yetu. Nililia kwenye bajaji mpaka dereva akanipunguzia nauli. Habari ya jikoni sikuitaja, maana sikujua kama inahesabika au ni mambo ya bibi tu.

Sasa kila mtu ana lake. Mwenzangu anasema tusubiri tupate hela, tufunge ndoa na kubatiza siku moja, ukumbi mmoja, na msimamizi awe bosi wake ambaye "hatatuangusha". Mimi natamani awe dada yangu mkubwa, aliyenisomesha baada ya baba kufariki, lakini nimeambiwa Mlutheri hawezi. Dada mwenyewe anasema kama Wakatoliki wanamkataa nimpeleke kwao, akabatizwe na yaishe. Halafu kuna jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Aminiel, jina la marehemu baba yangu. Kizito limetoka wapi?

Na kuna linaloniuma ambalo naona aibu hata kuliandika. Hakuna aliyeniuliza. Kama ule ndio ulikuwa ubatizo wa mwanangu, basi siku yake kubwa mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni, pekupeku, natetemeka.

Je, mtoto amebatizwa au hajabatizwa? Na nikirudi pale ofisini niseme nini?

Mama Aminiel, Dar es Salaam

MWALIMU ANAJIBU

Milele amina, mama Aminiel.

Kwa jinsi ulivyoeleza, naelekea kuamini kwamba mwanao alibatizwa usiku ule. Si nusu, wala si kwa muda wakati tunasubiri ule "wa kweli" wa kanisani. Na kama ni hivyo, siku ile ofisini ulikuwa unabisha hodi kwenye nyumba ambayo mtoto yumo ndani tayari.

Kwa kawaida anayebatiza ni askofu, padre au shemasi. Lakini Sheria ya Kanisa, kanuni ya 861, inasema penye ulazima mtu yeyote anaweza kubatiza: mkunga, jirani, hata asiye Mkristo, mradi akusudie kufanya kile ambacho Kanisa hufanya. Wanawake wa umri wa mama mkwe wako walifundishwa hili kwenye mafundisho utotoni, kama watoto wa leo wanavyofundishwa namba ya kupiga nyumba ikiungua. Kinachotakiwa ni kidogo sana. Maji ya kweli, yatiririke kichwani. Maneno yasemwe na yule yule anayemimina, wakati anamimina. Nia iwepo. Beseni halina ubaya, kikombe cha bati hakina ubaya, na saa nane usiku mtoto amekakamaa mwili ni ulazima kama ulazima ulivyo.

Kwa hiyo simu ya kwanza inakwenda Rombo, na swali ni moja: "Mama, usiku ule ulisema maneno gani?" Usimwongoze wala usimdokezee, mwache aseme mwenyewe. Unachosubiri kusikia ni hiki: "Kizito, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Tega sikio mwanzoni mwa kitenzi. Agosti 2020 Vatikano ilitoa tamko kwamba anayesema "tunakubatiza" hajabatiza, kwa sababu anayebatiza ni Kristo kwa kinywa cha mtu mmoja, si ukoo uliokusanyika. Mwezi huo huo padre mmoja kijana wa jimbo la Detroit, Marekani, aliyekuwa ameona kwenye video ya ubatizo wake wa utotoni kwamba shemasi alianza na "tuna", ilibidi abatizwe, apewe kipaimara, kisha ushemasi na upadre, vyote kuanzia mwanzo. Silabi moja hiyo. Bahati yako ni kwamba kizazi cha mama mkwe wako kilikariri na hakikuwa na tabia ya kuboresha. Wanaoboresha ni sisi tuliosoma.

Ikiwa atasema hakumbuki, au maneno yatatoka vinginevyo na shaka ikabaki, paroko ana njia. Atambatiza kwa sharti: "Kama hujabatizwa, nakubatiza..." Maneno hayo mawili ya mwanzo yapo kwa sababu ubatizo haurudiwi. Mtu hazaliwi mara mbili kwa maji yale yale. Na hili ndilo jibu la dada yako pia. Nia yake ni njema, lakini mchungaji wake akisikia habari ya kikombe cha bati atakurudishia swali hili hili, kwa kuwa KKKT nao hawambatizi aliyekwisha kubatizwa. Wewe mwenyewe ni ushahidi: ukienda leo Kanisa Katoliki hakuna wa kukumwagia maji upya. Ubatizo wako wa Machame unatambuliwa. (Machame na Rombo! Kule mlimani wamisionari waligawana miteremko mpaka migomba ikawa na madhehebu, nanyi wawili mmekwenda kukutana Dar.)

Sasa, ubatizo uandikwe wapi? Hapa wengi hukosea. Ungeweza kudhani ni Dar, mnakoishi. Hapana. Kanuni ya 878 inamtaka aliyebatiza ampelekee taarifa paroko wa mahali ubatizo ulipofanyika, naye auandike. Jiko lile liko chini ya parokia fulani ya Rombo, na ni kitabu cha parokia ile ndicho kitakachombeba mwanao. Mama mkwe aende, aseme alichofanya, siku gani, mbele ya nani. Shahidi mmoja wa kuaminika anatosha, na wewe uliyekuwa mlangoni ni wa pili. Cheti kikishatoka Rombo, kilete Dar. Utaingia pale ofisini kwa shughuli nyingine kabisa, na yule mzee hatakuwa na fomu yake.

Vumilia kidogo nikueleze kile kitabu, kwa sababu mimi katekista nimekiandika miaka mingi na nakipenda kuliko inavyostahili. Ni kikubwa, jalada gumu, unakifungua kwa mikono miwili. Kila mtoto ana mstari wake: namba, jina, kuzaliwa, kubatizwa, baba, mama, msimamizi, mbatizaji. Halafu pembeni kuna nafasi tupu ambayo wazazi huniuliza ni ya nini. Ile ni ya maisha yaliyobaki. Kipaimara kinaandikwa pale. Ndoa inaandikwa pale, hata kama imefungwa Songea au Roma, kwa maana parokia iliyofungisha inatakiwa kutuma taarifa kwenye parokia ya ubatizo. Upadre, nadhiri za daima, vyote vinarudi kwenye mstari ule mmoja. Anayefikiri ubatizo ni shughuli ya Jumapili moja aje aone nafasi ile ilivyo pana.

Niliwahi kumpokea kijana aliyekuja na basi la usiku kutafuta mstari wake ili afunge ndoa. Alichojua ni jina la mama yake, na kwamba alibatizwa mwaka wa mvua za El Nino. Tulipekua vitabu viwili, vumbi mpaka puani, tukampata kwenye ukurasa ambao panya ameula pembe. Nafasi ya baba ilikuwa na mstari mweusi wa kalamu. Nafasi ya msimamizi ilikuwa na jina la mama mmoja muuza maandazi, bado yupo pale pale sokoni. Kijana hakuwa anamkumbuka. Nikampeleka. Yule mama akaacha kijiko kwenye mafuta, akamtazama, akamuuliza: "Lile jicho lilipona?" Kumbe alipokuwa mchanga alikuwa na jicho linalotoa usaha, na mama huyu alikuwa akimpeleka zahanati kila wiki, na walipohama akaendelea kumtaja kwenye sala zake miaka yote ile bila kujua jicho liliishia wapi.

Nimeleta kisa hiki kwa ajili ya mambo mawili, na la kwanza ni ule mstari mweusi. Kutokufunga ndoa hakuwalazimishi kuacha nafasi ya baba wazi. Kanuni ya 877 inaruhusu jina lake liandikwe kwa hati ya serikali inayothibitisha, au kwa yeye mwenyewe kutamka mbele ya paroko na mashahidi wawili kwamba mtoto ni wake. Hata kama cheti cha kuzaliwa kina jina lake, mwambie mwenzako aende akatamke kwa kinywa chake. Itamfaa.

La pili ni msimamizi. Sheria inataka awe Mkatoliki aliyetimiza miaka 16, amepata kipaimara na komunyo, anaishi imani hiyo, na asiwe mzazi wa mtoto. Anatosha mmoja, wakiwa wawili basi mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Bosi wa mwenzako sijui anasali wapi, na barua yako ndefu yote haisemi, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa jibu. Msimamizi si mfadhili. Siku bosi na mwenzako watakapokosana kazini, na hutokea, mtoto atakuwa amebaki na nani? Tafuteni kwenye jumuiya, au kwa ndugu wa Rombo, mtu ambaye atauliza habari ya jicho. Kuhusu dada yako, uliambiwa nusu ya ukweli. Mlutheri aliyebatizwa hawi msimamizi, lakini anaweza kusimama kama shahidi wa ubatizo pamoja na msimamizi Mkatoliki, na jina lake linaingia kitabuni. Aliyekusomesha hatakaa benchi la nyuma.

Turudi kwa yule mzee. Hata kama kusingekuwa na kikombe wala beseni, maneno aliyokutamkia hayamo katika sheria yoyote ya Kanisa. Kanuni ya 868 inataka mambo mawili ili mtoto mchanga abatizwe: angalau mzazi mmoja aridhie, na pawe na tumaini lenye msingi kwamba atalelewa katika imani Katoliki. Tumaini hilo likikosekana kabisa ubatizo unaahirishwa, na wazazi wanaelezwa sababu. Kuahirisha si kukataa. Cheti cha ndoa hakikutajwa. Tarehe 12 Januari 2014, katika kikanisa cha Sistina, Papa Fransisko alibatiza watoto 32, na mmoja wao wazazi wake walikuwa na ndoa ya serikali tu. Habari ile ilipotufikia sisi makatekista tulitazamana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Sitamtupia mzee wa watu mawe, maana nimekalia kiti kile. Wanakuja vijana na mtoto kavalishwa kama keki, anabatizwa, picha zinapigwa, na huwaoni tena mpaka anapotaka komunyo ya kwanza. Ukishayaona hayo mara nyingi unaanza kutumia cheti cha ndoa kama chujio. Unajiambia unawasaidia wazazi watengeneze maisha yao, na kweli wapo wanaotengeneza. Lakini wapo walioondoka kimya. Mmoja namjua. Mwanawe sasa ana miaka 19, hajabatizwa, na mama yake tulipokutana sokoni alinisalimia vizuri mno. Usiku ule sikulala.

Zaka nayo ni wajibu, na mwenzako alipe, mtu mzima hasubiri kukumbushwa na katekista. Ila kanuni ya 848 inakataza kudai kwa sakramenti zaidi ya sadaka iliyopangwa na wenye mamlaka, na inaonya maskini wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Mtoto hawekwi rehani kwa zaka ya baba yake.

Alipokuwa na haki yule mzee ni kwenye barua ya jumuiya, ingawa aliidai kama trafiki anayedai leseni. Lile tumaini lenye msingi halionekani kwa macho. Linahitaji mtu wa kulishuhudia. Paroko wa mjini ana waumini maelfu, hakujui wewe wala mwenzako. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua miaka ya 1970 kwamba Kanisa lisimame juu ya jumuiya ndogo ndogo, hawakuwa wanatafuta ofisi nyingine ya kugonga mihuri. Walitaka majirani wanaojuana kiasi cha kusema: huyu mtoto tunamfahamu, tutakuwa naye. Kwa hiyo swali ambalo parokia inapaswa kukuuliza ni nani atamfundisha kufanya ishara ya msalaba. Na hapo, mwanangu, nyinyi wawili mna deni. Miaka minne mtaani hamjui hata jumuiya yenu inaitwa nani.

Nenda Jumamosi hii asubuhi. Usiende kuomba barua. Nenda na mtoto, keti kwenye mkeka, jitambulishe. Watakuuliza baba yuko wapi. Jumamosi ya pili aje, aache kujificha nyuma ya "nipo kazini". Baada ya wiki chache ombeni jumuiya ije isali kwenu. Chai ya rangi inatosha. Mwenyekiti akishakaa kwenye kochi lenu akamwona mtoto anatambaa kuivamia rozari yake, hiyo barua ataiandika mwenyewe. Na utaihitaji, kwa sababu cheti cha Rombo kinathibitisha kilichofanyika jikoni, lakini bado kuna kipaimara na komunyo mbele, na kuna ibada nyingine ambayo nitaifikia.

Ndoa nitaipita haraka kwa kuwa hukuniuliza. Msiifunge ili kumridhisha mtu wa ofisini. Ila msiitundike juu ya ukumbi pia. Ndoa yenu ni ya Mkatoliki na Mlutheri, itahitaji kibali cha askofu, na mwenzako ataahidi kufanya awezalo watoto wabatizwe na kulelewa Katoliki. Hilo la kubatiza mama yake amekwisha kumtangulia. Misa ya asubuhi, mashahidi wawili, mkanywe supu. Nusu ya mahari iliyobaki mzungumze na wazee wa Machame, mahari siku zote ina mazungumzo. Mtoto akifika miaka mitano ataanza kumuuliza baba yake kwa nini haendi mbele wenzake wanapokwenda kukomunika, na hilo swali haliahirishwi.

Sasa Kizito. Mei 1886, Munyonyo, Uganda, usiku wa kuamkia siku ya hukumu yao, Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi wa Uganda waliouawa kwa ajili ya imani yao, aliwabatiza wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, waliokuwa wamefungiwa pamoja naye. Hakuwa padre. Yeye mwenyewe alikuwa na miezi michache tu tangu abatizwe. Mdogo kuliko wote katika kundi lile alikuwa Kizito, kijana wa miaka kama 14, na tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo. Sidhani kama mama mkwe wako alikaa akachagua. Lakini aliyekulia kwenye historia ile, ukimwamsha saa nane usiku na mtoto anayekufa mikononi na padre hayupo, jina gani lingine lingemjia?

Hakukunyang'anya mwanao kwa dharau. Aliogopa kama ulivyoogopa wewe, na mkono wake ukafanya kile unachokijua. Hata hivyo alipaswa kukueleza kesho yake, mmekaa chini, na si kukunong'oneza mabegi yakiwa mlangoni. Nawe ulipaswa kumuuliza. Miezi mitano ni mirefu. Mwambie hivyo kwa heshima, kwa sauti yako na si kwa ujumbe wa WhatsApp: "Mama, nakushukuru kwa usiku ule, ila niliumia kwa kuwa hukuniita nikasimama karibu." Nadhani atalia. Mwache.

Ile ibada niliyosema nitaifikia ni ya kumpokea kanisani mtoto aliyebatizwa kwa dharura. Maji hayaguswi tena. Yanakamilishwa yaliyobaki: msalaba kwenye paji la uso, mafuta ya Krisma, nguo nyeupe, mshumaa unaowashwa kutoka Mshumaa wa Pasaka, na nyinyi wazazi mnamkataa Shetani na kukiri imani mbele ya watu. Haihitaji kamati wala ukumbi. Muulize paroko kama ifanyike Dar au Desemba mkipanda tena. Mimi ningengoja Desemba, bibi awepo. Inaanzia mlangoni mwa kanisa. Padre anatoka kuwalaki, na jambo la kwanza analofanya ni kuwauliza wazazi: "Mmempa mtoto huyu jina gani?"

Hapo utajibu wewe. Aminiel Kizito, au Kizito Aminiel, mfuatano huo kaelewaneni nyumbani kabla hamjafika. Na siku hiyo vaa viatu.